Maswali ya Wasomaji: Msako wa Picha

Barua za mwezi huu zimegusa mchezo mmoja, msako wa picha. Makundi hupewa orodha ya mahali, vitu na matendo, kila kundi linaondoka na simu yake, na linalorudi ndani ya muda likiwa na picha nyingi zilizo sahihi ndilo mshindi. Tahadhari ndogo kabla hatujaanza: kwenye karatasi mtakazobeba mitaani andikeni "mchezo wa kusaka picha". Mwenye duka akisikia mko kwenye msako, atafunga kwanza ndipo aulize ni msako wa nini.

Nina wanafunzi 36 wa kidato cha pili. Tutavuka kwenda Unguja asubuhi na kurudi jioni ileile. Sitaki wapange mstari nyuma ya mtembezaji. Nataka wautafute Mji Mkongwe wenyewe. Nina muda wa saa mbili tu. Nianzie wapi? — Mwalimu wa historia, Dar es Salaam

Saa mbili zinatosha, Mwalimu, ilimradi hesabu ianze na muda, orodha ifuate. Wengi huandika mambo arobaini kisha wakashangaa makundi yakirudi na kumi na mawili. Picha moja, ukijumlisha kusoma fumbo, kubishana, kutembea, kuomba ruhusa na kujipanga, hula dakika sita hivi. Dakika 120 ukizigawa kwa sita unapata picha 20. Ishia hapo. Mji wenyewe ni mdogo. Eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 ni hekta 96, na mwenyeji hutoka Darajani hadi Forodhani kwa robo saa. Lakini wanafunzi wako si wenyeji, na vichochoro vile havikupigwa rula.

Gawa makundi sita ya watu sita. Wakizidi hapo, wawili watatu watakuwa wasindikizaji. Wakipungua chini ya wanne, akiumwa mmoja kundi limevunjika. Kila mmoja awe na kazi: mpigaji, msomaji mafumbo, mshika ramani, mtunza muda, mshika kitambaa (tutakieleza mbele), na msemaji, ambaye ndiye pekee anayebisha hodi na kuomba ruhusa. Kila baada ya picha tano kazi zizunguke, la sivyo mwenye simu nzuri atapiga zote ishirini na hataonekana hata kwenye moja. Kila kundi lifuatwe na mtu mzima mmoja anayetembea nyuma na kufunga mdomo wake. Mtu mzima wa saba akae kituoni Forodhani asibanduke, maana aliyepotea, aliyechoka na aliyeishiwa chaji wote wanahitaji kujua kwamba kuna mtu yuko palepale.

Kwenye alama, tunapendekeza picha nane nyepesi za alama 5, nane za wastani za alama 10, na nne ngumu za alama 20. Jumla ni 200. Anayekimbilia nyepesi tu hafiki mbali, na anayeng'ang'ania ngumu nne anaishia na 80. Kuchelewa kugharimu alama 5 kwa kila dakika, na ikizidi dakika kumi kundi liondolewe kwenye zawadi. Hapo usilegeze. Picha ngumu ya alama 20 inataka dakika sita, na dakika sita za kuchelewa zinakula 30, kwa hiyo wakipiga hesabu watarudi wenyewe bila kuitwa. Boti haina mwalimu wa zamu wa kuibembeleza.

Mkishuka botini mnamo saa tatu asubuhi, anzeni saa tatu na nusu, mfunge saa tano na nusu. Kuta bado zinatoa kivuli na adhuhuri haijaadhiniwa. Epuka Ijumaa, kwa sababu kuelekea saa sita maduka yanafungwa na njia zinazopita misikitini zinajaa. Epuka Ramadhani, kwani watoto watahitaji maji na vitafunio, na si adabu kula hadharani mchana. Kati ya Machi na Mei masika hugeuza vichochoro vingine kuwa mifereji, na simu iliyolowa haina msaada kwa mtu.

Kosa linaloharibu siku kuliko yote ni kuwaachia wote kwa pamoja na orodha iliyopangwa namna moja. Kundi la kwanza linafumbua, matano yanafuata mgongo wake kama siafu. Chapisha orodha ileile kwa mipangilio sita. Kundi la kwanza lianze na fumbo namba 1, la pili na namba 4, la tatu na 7, halafu 10, 13 na 16, kila moja lizunguke hadi lirudi lilipoanzia. Karatasi ya A4 inatosha kila kitu: mafumbo, ramani ndogo, namba ya simu ya kituo, na saa ya kurudi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Toa nakala mbili kwa kila kundi, kwa sababu moja itapeperuka.

Siku mbili kabla, mtu apite njia nzima kwa saa zilezile za mchezo na apige picha ya kila jibu. Hizo ndizo waamuzi watakazolinganishia. Kama huwezi kuvuka mara mbili, mwombe mwalimu mwenzako wa Unguja. Miji hubadilika. Sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka Desemba 2020, na aliyekuwa na orodha ya zamani yenye fumbo la ndani ya jumba alibaki na fumbo lisilo na jibu. Mchoro wa ukutani unapakwa chokaa, duka linahama, mlango wa nakshi unavuliwa kwenda kutengenezwa.

Uamuzi nao una muda wake. Picha 120 kwa sekunde 15 kila moja ni nusu saa, na ubishi unaongeza robo saa. Waamuzi wakae na simu wakati watoto wanakula.

Mafumbo yangu ama ni mepesi mno, ama wageni wanarudi wamenuna. Yaandikweje? — Mtembezaji wageni, Shangani

Fumbo zuri lina jibu moja, jibu hilo linaonekana kwenye picha, na mwamuzi hahitaji kutafakari. "Pigeni picha ya kitu kizuri" si fumbo, ni ugomvi ulioahirishwa. "Mlango wa buluu" nao ni mtego kwa mwandishi mwenyewe, maana iko mingi na kila kundi litaapa kuwa lake ndilo.

Lugha yetu imekuachia hazina mbili. Ya kwanza ni majina ya mitaa, ambayo karibu kila moja lina kitu ndani yake. "Daraja limeondoka, jina limebaki, samaki wanauzwa juu yake." Hapo ni Darajani, zamani mkono wa bahari ulitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukavukwa kwa daraja, kisha ukafukiwa. Kundi likipata jibu limejifunza historia bila kusimuliwa. "Minara miwili, adhana hakuna" ni kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji wenyewe huliita Minara Miwili. "Papa hajawahi kuonja maji, kutwa anasikiliza siasa" itawapeleka Sokomuhogo, kwenye ile baraza ya kahawa na dhumna iitwayo Jaws Corner, mradi ukague kwanza kama papa wa ukutani hajapakwa rangi juu.

Hazina ya pili ni vitendawili vyenyewe, vile ambavyo kila mtoto alitegewa jikoni. Vichukue vilivyo, ila dai kiletwe kwenye picha. "Kuku wangu katagia miibani" ni nanasi, nao watakwenda sokoni na kusalimiana na muuza matunda. "Kila niendapo ananifuata" ni kivuli, na picha ya vivuli sita kwenye ukuta wa Ngome Kongwe ni nzuri kuliko selfi yoyote. Lakini ifungwe mapema, kwa sababu kufikia saa sita vivuli vyote viko chini ya nyayo. "Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni" ni kikombe, na hapa kuna mtego tunaoupenda: vikombe vya kahawa ya barazani havina mkono. Kundi litakalopiga picha ya kikombe cha kahawa limekosa. Lazima liende kwenye mgahawa wa chai.

Kwa wageni wa mara ya kwanza, milango inatosha kujaza nusu ya orodha, nawe ndiye unayeijua. Acha kuuliza rangi, uliza sehemu. Waambie walete mfaa, ule mhimili wa katikati unaogawa mbao mbili. Waambie walete picha mbili, ya mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na ya mwingine wenye upinde, ili baadaye uwaeleze mkono wa Kiarabu na mkono wa Kihindi katika uchongaji. "Mnyororo wa mti, mhunzi haujui" watautafuta kwenye fremu, kwa kuwa nakshi ya mnyororo huzunguka miimo ya milango mingi. Samaki aliyechongwa, ua la yungiyungi, misumari ya shaba: hizo ni picha za karibu, za alama 10, na hazimsumbui mtu. Ila sharti moja: wasishike, wasiegemee, wasikanyage baraza ya mtu na viatu.

Mahali pamoja tunakushauri upatenge na mzaha. Kanisa la Anglikana Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na uani kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Msiweke pale fumbo la kuruka, kucheka wala kuigiza. Kama mnataka pawemo, iwe picha moja ya jengo kutoka nje, bila watu, na kituo cha kimya.

Ukimaliza kuandika, mpe orodha mtu ambaye hukuwa naye ulipoandika. Akikaa dakika tatu kwenye fumbo moja bila hata kujua aelekee upande gani, livunje uandike upya. Siku ya mchezo ruhusu kidokezo kwa simu kutoka kituoni, kwa nusu ya alama za fumbo hilo. Bila mlango huo, kundi lililokwama hukaa chini na kununa, na ndivyo wageni wako walivyorudi.

Kundi moja lilileta picha za intaneti, jingine likatuma za mwaka juzi, na WhatsApp ikajaa picha zaidi ya 200 tusijue ipi ya nani. Tufanyeje safari ijayo? — Katibu wa kikundi cha vijana, Temeke

Dawa ni kitu kinachoonekana ndani ya picha yenyewe. Kata vitambaa vya sentimita 30 kwa 30, kila kundi na rangi yake. Kitambaa kisipoonekana, picha haipo. Pamoja nacho toa bahasha iliyofungwa yenye neno la siku, neno lisilobashirika, mathalani "kangaja 47", lifunguliwe kipenga kikilia na kuandikwa kwa kalamu nene kwenye kadi itakayoshikwa kwenye kila picha. Picha ya mwaka juzi haina neno la leo. Wanakundi wote isipokuwa mpigaji waonekane, angalau mkono au mguu, ili wasigawanyike watatu huku watatu kule.

Msitegemee tarehe na saa iliyomo ndani ya faili. Saa ya simu inarekebishwa na mtoto, na picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na taarifa hizo hupotea. Ikitumwa kama hati hubaki nazo, lakini pia hubaki na uzito wake. Megabaiti 3 hadi 5 kwa picha ni jambo la kawaida, hivyo picha 20 zinakula bando la megabaiti 60 hadi 100 kwa kundi moja. GPS nayo isiwe shahidi. Kati ya majengo marefu na njia nyembamba, mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kabla ya kufika kwenye simu, na alama ya mahali inaruka hadi mtaa wa pili.

Programu za kuhariri picha siku hizi zinaweza kubandika kitambaa popote. Kwa hiyo mwamuzi achague picha tatu kwa kubahatisha na aulize maswali ya papo hapo: mlango huu ulikuwa mkono gani mkitokea sokoni? Jirani yake kulikuwa na nini? Aliyefika atajibu huku akicheka. Aliyebandika ataanza kwa kuuliza, "Picha ipi?"

Kuhusu vurugu ya WhatsApp, msiwaweke wote kwenye grupu moja, kwani kila anayetuma anawagawia wapinzani wake majibu. Fungua grupu moja kwa kila kundi, ndani yake wawemo mpigaji na mwamuzi tu. Chini ya picha paandikwe namba ya fumbo, si maelezo wala vikatuni. Wakituma mbili kwa namba moja, ya mwisho ndiyo ihesabiwe. Na kama bando ni tatizo, hakuna haja ya kutuma chochote: kila kundi liunde albamu kwenye simu, lipange kwa namba, limkabidhi mwamuzi simu ile mkononi.

Simu iwe imejaa chaji na ina nafasi ya gigabaiti moja hivi. Kupiga picha 20 hakumalizi betri. Kinachoimaliza ni ramani iliyoachwa wazi na mwanga wa skrini uliopandishwa juani. Pawabenki moja ya mAh 10,000 kwa makundi mawili inatosha.

Nataka kuandaa msako Mji wa Kale, Mombasa. Wazee wa mtaa hawapendi kupigwa picha, na naogopa vijana watatuletea balaa. — Mlezi wa vijana, Majengo

Balaa nyingi huanzia kwenye orodha. Ukiandika "picha ya mama anayeuza mahamri", umewatuma vijana wamlenge mama wa watu kwa simu. Andika "mikono inayosuka ukili" au "sinia ya kaimati na sarafu pembeni", nao watapata kitu kizuri zaidi bila sura ya mtu. Sura ikihitajika, msemaji aanze na salamu kamili, aeleze mchezo kwa sentensi moja, aombe, na akiambiwa hapana ashukuru na kuondoka. Weka kanuni kwamba aliyekataliwa kwa heshima, mtu mzima wake akishuhudia, anapata nusu ya alama. Kanuni hiyo ndogo inaondoa sababu yote ya kuiba picha. Na waende na shilingi mia moja mbili za kununua kahawa na kashata. Mnunuzi hasikilizwi sawa na mpita njia.

Akina mama wapitao njiani na watoto wa mtaa wasipigwe kabisa. Misikiti ipigwe kutoka nje, si wakati wa swala, na hakuna kuchungulia. Mnara wa Msikiti wa Mandhry kwa nje ni fumbo tosha, kwa umbo lake la kuchongoka. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ina kiingilio, kwa hiyo mafumbo yake yakae kwenye kuta na mizinga ya nje, ama bajeti ijumuishe tiketi za wote. Usiache kundi moja liingie kwa pesa zake na jingine libaki mlangoni.

Chora mstari mwekundu kwenye ramani, nje ya mstari hakuna alama. Vituo vya polisi, kambi, bandari ya Kilindini na kivuko cha Likoni vyote vibaki nje ya mstari. Kwa wasomaji wa Dar, Ikulu na kivuko cha Magogoni ni hivyohivyo. Afisa akisimamisha kundi, mtu mzima ndiye ajibu, na akiombwa kufuta picha ifutwe palepale.

Kama washiriki ni watoto, wazazi watie saini kabla, na fomu iseme wazi picha zitakaa wapi na lini zitafutwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya 2022. Chini ya zote mbili picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Kuzibandika Facebook ni ruhusa nyingine, iombwe peke yake.

Tuko 45 ofisini. Bosi anataka tuufanyie katikati ya Nairobi siku ya Jumatano saa saba mchana. Yawezekana? — Karani, Nairobi

Yawezekana, lakini Jumamosi asubuhi ni afadhali. Jumatano saa saba kila njia ya katikati imejaa watu, na mtu aliyeinua simu huku akitazama fumbo ndiye anayetafutwa na wanyakuzi. Makundi tisa ya watu watano, simu moja tu nje kwa wakati mmoja, zilizobaki mfukoni. Msichukue stendi za kamera wala vipaza sauti, kwani watu wenye vifaa huulizwa vibali.

Fumbo la kuanzia tunawapa bure: "Wawili wamesimama, mmoja ameketi, wote watatu hawapepesi." Waliosimama ni Dedan Kimathi kwenye mtaa wa jina lake na Tom Mboya wa Moi Avenue, aliyeketi ni Mzee Kenyatta pale kwenye jumba la mikutano la KICC. Umbali kati yao unatembeka, na wanaofika mwisho bila kuuliza njia ni wachache, hata kati ya waliozaliwa Nairobi. Bustani ya kumbukumbu ya mlipuko wa bomu wa tarehe 7 Agosti 1998 iheshimuni kama tulivyosema kuhusu Mkunazini.

Na bosi asiwe kwenye kundi la mhasibu wake. Gaweni kwa kura.

Ukoo wetu utakutana Tanga, watu kama 40, kuanzia watoto wa chekechea hadi mimi mwenye miaka 74 na magoti yaliyogoma. Wajukuu wanataka huo msako wenu. Sisi wengine tukae tupunge nzi? — Bibi wa Chumbageni

Shikamoo Bibi. Msako uletwe uani, wala usiende mjini. Picha 12 kwa dakika 45, na kanuni moja tu ya kundi: kila kundi liwe na mzee mmoja na mtoto mmoja angalau. Mafumbo yote yaulize vitu ambavyo mtoto anaviona bila kuvijua majina, na mzee anavijua bila kulazimika kusimama. Mzee anafumbua, mtoto anakwenda kupiga.

"Mbuzi asiyekula majani" ni mbuzi ya kukunia nazi, na watoto wa mjini watazunguka banda lote kabla ya kuja kukuuliza. "Mmoja amelala wazi, mwenziwe anampiga kutwa, hawagombani" ni kinu na mchi. Ongeza kifumbu cha kuchujia tui, kawa la kufunikia sinia, upawa wa kifuu, kata ya kuchotea maji mtungini. Kama nyumba haina tena mtungi wala kata, azimeni kwa jirani wiki moja kabla. Halafu kanga: "Leteni kanga inayomsema mtu." Kila kundi litafungua masanduku na kusoma maandishi kwa sauti, na mtajua nani alimnunulia nani, na kwa nini. Fumbo hilo lipewe alama 20, na lisiwekwe karibu na wakwe.

Picha ngumu kuliko zote iwe ya kurudia picha ya zamani. Kila kundi lipewe nakala ya picha moja ya ukoo, lijipange mkao uleule, mahali palepale kama pangalipo. Msigawe picha asili. Ilazeni mezani karibu na dirisha, zimeni taa ya kamera ili isimetemete, mpige kwa simu moja kwa moja kutoka juu, ndipo mchapishe nakala.

Vitu viwekwe kwenye urefu wa kiuno, mtu asiiname. Kwa watoto wasiojua kusoma, chora kadi badala ya maandishi. Na mchezo uanze vyungu vikiwa vimeshaepuliwa. Jiko lenye moto na watoto kumi wanaotafuta upawa haviendi pamoja.

Makundi mawili yakifungana? — Msomaji, Morogoro

Kabla ya kuanza, mwamuzi aandike namba ya fumbo moja gumu kwenye karatasi, aikunje na kumpa mtu aitunze. Wakifungana, karatasi ifunguliwe: mwenye picha sahihi ya namba hiyo anashinda. Wote wakiwa nayo, aliyerudi kituoni mapema. Na zawadi iwe kitu kinachogawanyika. Sinia la halua linafaa kuliko kikombe cha plastiki.